Kipimo Kilekile, Baruti Nyingine: Kwa Nini Gobore la Babu Lilipasuka

Babu yangu alikuwa na vidole vitatu katika mkono wa kushoto. Viwili vilibaki shambani Nyarubungo, wilayani Biharamulo, alfajiri moja ya mwaka 1981, gobore lake lilipopasuka akiwafukuza nguruwe pori kwenye mihogo. Jicho la kushoto nalo halikuona vizuri tena. Sisi wajukuu tulizaliwa tukamkuta hivyo, na sababu tuliyoambiwa ilikuwa moja tu: bunduki ilirogwa.

Jioni ya kuamkia siku ile, jirani yetu alipita nyumbani kunywa rubisi. Akaomba kuliona gobore. Akalipima uzito mkononi, akachungulia mdomo wa mtutu, akacheka, akalirudisha. Kesho yake likapasuka. Kwa kuwa wazee hawa wawili walikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba, kesi ikawa imekwisha kabla haijaanza. Tangu siku ile hadi babu alipofariki mwaka 2009 hawakusalimiana. Miaka 28! Wala hakuna aliyekanyaga msiba wa nyumba ya mwenzake, na kama unatoka Kagera unajua hilo ni zito kuliko tusi lolote la mdomoni.

Mimi leo ni mtafiti wa metali. Nimemaliza shahada ya uzamili, na kazi yangu ya kila siku ni kuchunguza kwa nini vyuma vinachoka, vinapinda na kupasuka. Sasa ningekuwa mtafiti wa namna gani kama nisingejiuliza kuhusu chuma kimoja kilichopasuka nyumbani kwetu? Nilipoanza kuuliza, jibu lilinipeleka mbali kuliko nilivyotegemea: Zanzibar, Brussels, Paris, mpaka kwa watu wa Ulaya wanaojaza risasi kwa mikono yao ili kufyatua bunduki za kale za mitutu miwili. Twende taratibu, tutarudi Nyarubungo.

Bunduki zilivyofika kwetu

Eneo letu limo kwenye ramani za wasafiri wa karne ya 19 kwa jina la Usui. Mwaka 1861 John Hanning Speke na James Grant walipita hapa wakitokea Unyamwezi kuelekea Karagwe. Mtawala wa Usui, Suwarora, aliwachelewesha na kuwatoza hongo ya nguo na nyaya mpaka Speke akalalamika kitabuni. Baadaye walipokelewa vizuri na Rumanyika wa Karagwe, na mwanzoni mwa 1862 Speke akafika kwa Mutesa wa Buganda akiwa na zawadi, bunduki zikiwemo. Speke mwenyewe aliandika tukio ambalo likikuingia kichwani halitoki: Mutesa alijaza bunduki mojawapo, akampa kijana wa kasri atoke nje akampige mtu risasi, kuona kama inafanya kazi. Kijana akaenda, akarudi anafurahi kwamba imefanya kazi. Huko ndiko kujaribisha silaha kwa mara ya kwanza, na aliyelipa gharama hata jina lake halikuandikwa.

Baada ya hapo bunduki zilimiminika. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yanabadilisha silaha kila baada ya miaka michache, na za zamani zilihitaji soko. Soko likawa huku kwetu, kupitia Zanzibar. Mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza huko Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zinaingia bara kila mwaka kupitia pale. Mirambo wa Unyamwezi alikuwa amejenga dola yake kwa msaada wa bunduki hizo. Mfanyabiashara Charles Stokes, mzaliwa wa Ireland, alizunguka kati ya Unyamwezi na Ziwa Victoria akiziuza, hadi mwaka 1895 ofisa wa Dola Huru ya Kongo alipomnyonga kwa kosa hilohilo.

Mwaka 1890 mataifa makubwa yalikutana Brussels na kutia saini mkataba. Lengo lililotangazwa lilikuwa kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake kulikuwa na vifungu kuhusu silaha: katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini hadi nyuzi 22 kusini ya ikweta, bunduki za kisasa zenye mifereji ndani ya mtutu zilipigwa marufuku kuingizwa kwa ajili ya watu wa kawaida. Kilichoweza kuruhusiwa ni bunduki za gumegume zisizo na mifereji, pamoja na baruti ya kawaida, ile waliyoiita "baruti ya biashara".

Soma tena kifungu hicho, maana ndicho kiini cha habari yote hii. Mkataba haukusema Mwafrika asiwe na bunduki kabisa. Ulisema awe na bunduki ya zamani, na baruti ya zamani. Na ulisema hivyo katika miaka ileile ambayo baruti yenyewe ilikuwa inabadilika kuliko ilivyowahi kubadilika kwa karne nyingi.

Baruti mbili, jina moja

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa vitu vitatu: shura, mkaa na kiberiti. (Kabla kiberiti hakijawa kile kijisanduku cha njiti, lilikuwa jina la madini ya salfa.) Hii ndiyo iliyopiga mizinga ya Wareno pale Fort Jesus, na ndiyo iliyokuwa kwenye mapembe ya wawindaji wetu. Ina tabia mbili unazopaswa kuzikumbuka. Kwanza, ni chafu. Zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki gesi. Inabaki kuwa masizi na moshi mzito. Pili, ni mpole kiasi. Presha ikipanda ndani ya mtutu, kasi yake ya kuungua hupanda kidogo tu.

Mwaka 1884, huko Paris, mkemia Paul Vieille alitengeneza baruti ya aina nyingine kabisa, kwa nitroselulosi, yaani pamba au nyuzi za mmea zilizotibiwa kwa tindikali. Karibu yote hugeuka gesi. Haina moshi wa kutisha, na kwa uzito uleule nguvu yake ni kama mara tatu. Ufaransa ikaitengenezea bunduki mpya, Lebel ya 1886. Waingereza wakafuata na kodaiti mwaka 1889. Ndani ya miaka michache kila jeshi kubwa lilikuwa limehama.

Huku kwetu tofauti hiyo ilionekana kwa macho wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Askari wengi wa jeshi la Wajerumani hapa Afrika Mashariki walikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871, ya baruti nyeusi. Kila mlio ulitoa wingu, na wingu lilimwambia adui: nipo hapa. Jeshi la Wabelgiji lilipoingia Biharamulo, Juni 1916, lilikuta boma la Wajerumani ambalo limesimama mpaka leo.

Lakini moshi ni jambo dogo. Kubwa ni hili: Vieille aligundua pia kwamba baruti yake inaungua kwa kasi inayotegemea presha inayoizunguka, na kwamba utegemezi huo ni mkubwa. Presha ikipanda, inaungua haraka; ikiungua haraka, presha inapanda zaidi; nayo ikipanda zaidi... umeelewa. Kwenye bunduki iliyotengenezwa kwa ajili yake, mduara huo unadhibitiwa. Ukubwa wa chembe, nafasi ndani ya ganda, uzito wa risasi, unene wa chuma, vyote vimehesabiwa. Ukiitia kwenye bunduki isiyo yake, hakuna anayejua itafika wapi.

Hesabu ndogo ya mtutu

Tufanye hesabu kidogo, usikimbie. Ukienda gereji, fundi anajaza tairi la gari dogo upepo wa psi 30 hivi. Gobore likifyatuliwa kwa baruti nyeusi kwa kiasi cha wastani, presha ndani ya mtutu inaweza kufika kama psi 9,000. Bunduki ya kivita ya kisasa inafika psi 50,000 hivi.

Sasa chukua bomba la chuma cha kawaida lenye uwazi wa milimita 16 na ukuta wa milimita 4. Presha ikiwa ndani, chuma kinavutwa kuzunguka bomba. Mvutano huo, kwa makadirio, ni presha mara kipenyo cha ndani, gawanya kwa unene wa ukuta mara mbili. Kwa vipimo vyetu jibu ni presha mara 2. Kwa psi 9,000 chuma kinabeba 18,000. Chuma cha kawaida huanza kukubali kuvutika kwenye 36,000 hivi, kwa hiyo umebakiwa na nusu. Unaweza kupiga miaka 20 na usione kitu. Kwa psi 50,000, chuma kinatakiwa kubeba 100,000. Hakiwezi. Hapo hatuhitaji mchawi.

Hesabu hiyohiyo inatuambia kitu kingine. Mvutano wa kuzunguka bomba ni mara mbili ya ule wa kulivuta kwa urefu. Ndiyo maana bomba lililozidiwa presha huchanika kwa urefu, kama soseji inavyopasuka kwenye mafuta. Weka hilo akilini, tutalihitaji.

Wanaojaza kwa mikono

Kilichonifungua macho zaidi hakikuwa kitabu cha fizikia. Ni maandishi ya watu wanaomiliki bunduki za kale za mitutu miwili, zile zilizobebwa na wawindaji wa tembo na nyati. Unaweza kuwa umeona picha ya Theodore Roosevelt, aliyeshuka Mombasa mwaka 1909; mojawapo ya bunduki zake ilikuwa ya mitutu miwili ya Holland & Holland. Sababu ya mitutu miwili ni rahisi: kila mmoja una mtambo wake, kwa hiyo ukikosea wa kwanza wakati nyati anakuja, wa pili uko tayari bila kugusa kitu kingine.

Nyingi za bunduki hizi, hasa zile za kabla ya miaka ya 1890, zilitengenezwa kwa baruti nyeusi, na risasi zake hazipatikani tena dukani kirahisi. Wenye kuzipenda hujaza wenyewe: ganda, fataki, baruti, risasi, kimoja kimoja mezani. Na ukisoma wanavyofanya, utashangaa walivyo waoga. Kwanza wanageuza mitutu na kusoma mihuri iliyo chini yake. Tangu zamani Ulaya ilikuwa na nyumba maalumu za kujaribisha mitutu kabla haijauzwa. Ya Birmingham ilianzishwa kwa sheria ya bunge mwaka 1813. Kule mtutu ulifyatuliwa na baruti nyingi kuliko kawaida, mtu akiwa mbali. Ukipona, unagongwa muhuri. Ukipasuka, umepasuka huko, wala haukupasukia mkononi mwa mtu.

Kisha wanapima upana wa mtutu. Wanapima baruti kwa uzito, kwa mizani nyepesi kama ya sonara. Wanaanza chini. Mara ya kwanza bunduki inafungwa kwenye fremu au tairi, na kamba ndefu inavuta kifyatulio huku mwenyewe kajificha nyuma ya ukuta. Halafu wanakagua ganda lililotoka: limevimba? fataki imebonyea vipi?

Bunduki hizi zina hakimu wa ziada, ambaye mimi kama mwanasayansi nilimpenda sana. Mitutu miwili haikulala sambamba. Inakaribiana kidogo kuelekea mdomoni. Mtutu wa kulia ukifyatuliwa, mtikiso huisukuma bunduki juu na kulia kabla risasi haijatoka, na fundi alishaliweka hilo kwenye hesabu. Alipiga shabaha, akayeyusha lehemu, akasogeza mitutu, akapiga tena, mpaka yote miwili ikagonga mahali pamoja kwa kiasi kimoja maalumu cha baruti. Ukiweka kiasi kinachoipa risasi mwendo mdogo, inakaa ndani muda mrefu zaidi na mitutu inapiga mbalimbali. Mwendo ukizidi, njia za risasi zinapishana. Yaani bunduki yenyewe inakuambia: hiki sicho kiasi nilichozaliwa nacho.

Na kitu kimoja wanakirudia kila ukurasa: usichukue kipimo cha baruti nyeusi ukakijaza baruti isiyo na moshi. Kamwe. Hata kama kipimo ni kilekile, hata kama zote zinaitwa baruti.

Niliposoma hapo nilifunga kompyuta, nikampigia baba.

Siku ile kabla ya alfajiri

"Baba, siku ile babu alitumia baruti gani?"

Akanyamaza. Halafu akaniambia kitu ambacho alikijua miaka yote, ila hakuwahi kukiona kuwa na uzito. Baruti nyeusi ilikuwa imeisha. Ndugu mmoja aliyerudi kutoka Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 alikuwa na risasi chache za bunduki ya kivita. Babu akazivunja, akamimina unga wake kwenye kijipembe cha mbuzi, kipimo alichotumia tangu ujana. Akajaza kijipembe kama kawaida, akashindilia kwa mdeki, akatoka. Alikuwa na furaha, baba anasema. Aliiona baruti ile kuwa safi kuliko ya kwetu.

Kipande cha mtutu nilikiona mwenyewe miaka michache iliyopita, kabla familia haijakikabidhi polisi katika kipindi cha msamaha wa kusalimisha silaha. Kilikuwa kimechanika kwa urefu, kuanzia nyuma kabisa, pale baruti inapokaa, kingo zimefunguka nje kama ganda la ndizi. Huko mdomoni kilikuwa kizima, cha mviringo, hakina hata uvimbe.

Hilo la mwisho lina maana kubwa. Tuseme mtu hakuroga, bali alifanya hila: akaziba mdomo wa mtutu kwa udongo au kitambaa. Mtutu ulioziba kwa kawaida huvimba au kupasuka pale kizibo kilipo. Wa babu ulipasuka nyuma, kwenye baruti, na mbele ukabaki mzima. Kwa hiyo chuma chenyewe kinatoa ushahidi: hakukuwa na kizibo mdomoni. Kulikuwa na presha kubwa mno nyuma. Jirani alichungulia tu, kama alivyosema.

Je, babu alikuwa mjinga? Hapana, na hapa nitabishana na yeyote. Babu alifuata utaratibu sahihi: kipimo kimoja, kilichojaribiwa miaka mingi. Kijipembe chake kilikuwa ujuzi wa kweli, urithi wa mtu na mtu tangu enzi za misafara. Ila kilipima ujazo, na hakikuwa na njia ya kumwambia kwamba kilichomo ndani kimebadilika. Bunduki yake ilikuwa ya dunia ambayo watu wa Brussels waliturudisha mwaka 1890 na kutuacha humo. Baruti ilikuwa ya dunia waliyohamia wao. Zilikutana kwenye shamba la mihogo, bila mhuri, bila kamba ndefu, bila mtu wa kumwambia.

Mpaka leo magobore yapo vijijini, na risasi zilizozagaa baada ya vita za majirani zetu na za kwetu zimewahi kupita mikono mingi. Kumiliki silaha bila leseni ni kosa kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kuna utaratibu wa kuisalimisha. Kama kuna gobore darini kwenu, usilijaribu, usilijaze chochote, na usiseme "babu alikuwa analitumia". Babu yangu pia alikuwa analitumia.

Desemba iliyopita nilikwenda nyumbani. Yule jirani naye alishafariki, ila mke wake yupo. Nikapiga hodi, nikamwamkia, nikakaa kwenye mkeka, nikamweleza yote: baruti ya vita, kijipembe, mtutu ulivyochanika. Nilichora na mchoro chini kwa kijiti. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee wangu alisema mpaka anakufa," akasema. "Mimi niliishika tu."

Nikamwambia, "Ni kweli, bibi. Aliishika tu."

"Baba yako anajua?"

"Anajua."

"Basi wewe ni mtoto, umefanya vizuri kuja. Mwambie baba yako aje yeye."

Baba alikwenda Jumapili yake, na dumu la rubisi. Alikaa mpaka jioni.

Katika kamusi za zamani za Kiswahili, "kiasi cha bunduki" ni risasi iliyokwisha kupimiwa baruti yake. Nilikutana na neno hilo nikiwa nimeshamaliza kuandika makala hii, nikaona nisikuache ulikose.